Maswali ya Wasomaji: Kitabu Mkononi, Ndani ya Ngome ya Kale

Barua za safari hii zinahusu jambo moja: mtu kwenda kwenye ngome ya kale akiwa na andiko mkononi na nia ya kutulia mbele za Mungu. Tumezifupisha, na majina ya waandishi hatukuyatoa.

Nilitembelea ngome tatu kwa siku moja, nikasoma zaburi nne katika kila ngome. Nilirudi na picha nyingi na miguu inayouma, lakini moyo ulikuwa vilevile. Nilikosea wapi?

Ngome mbili zilizidi, na zaburi kumi na moja pia. Ngome huchosha mwili upesi: kuna ngazi za kuzunguka, sakafu zisizo sawa na upepo wa juu ya kuta. Ukifika ya pili, macho yanaona mawe tu. Chagua ngome moja, ndani yake chumba kimoja, na andiko lisilozidi mistari minane.

Kazi inaanza jana yake, nyumbani. Soma kurasa mbili tatu za historia ya ngome hiyo ukitafuta mambo matatu: nani aliijenga, alimwogopa nani, na iliangushwa au iliachwa kwa sababu gani. Asiyejua hayo huvutwa na kila kibao cha maelezo, akili ikarukaruka kati ya tarehe na sala. Kisha nakili andiko lako kwa mkono, kwa herufi kubwa, kwenye karatasi ngumu ya ukubwa wa kiganja. Vyumba vya minarani vina giza, na maandishi madogo ya kitabu cha mfukoni yatakulazimisha kuwasha simu. Simu ikishawaka, utulivu umekwisha. Isitoshe, kunakili nako ni kusoma. Mkono huenda polepole kuliko jicho, na neno ulilozoea kuliruka litakusimamisha.

Fika lango linapofunguliwa. Kabla hujaingia, zunguka ukuta kwa nje, kimya, kama dakika kumi. Ukiwa ndani, tafuta dirisha lenye viti. Katika ngome nyingi za zama za kati ukuta wa chumba cha kuishi ni mnene kiasi kwamba dirisha limeingia ndani kama kichumba, na humo kuna mabenchi mawili ya jiwe yanayotazamana. Yaliwekwa hapo kwa ajili ya mwanga. Hapo ndipo watu waliposhona, waliposoma na waliponong'onezana. Keti hapo, ila tandika kitu kwanza, hata koti lililokunjwa mara nne. Jiwe hunyonya joto la mwili, na baada ya dakika kumi utakuwa unawaza baridi badala ya andiko.

Katika karne ya 12 Guigo II, mkuu wa watawa wa Grande Chartreuse nchini Ufaransa, aliandika juu ya ngazi yenye vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, na kutulia mbele za Mungu. Aliufananisha mwendo huo na kula. Kusoma ni kutia chakula kinywani, kutafakari ni kutafuna, kuomba ni kuipata ladha, na kipandio cha mwisho ni utamu wenyewe. Wewe ulitia tonge kinywani mara kumi na mbili bila kutafuna hata moja.

Basi fanya hivi. Soma andiko kwa sauti ya chini, kisha unyamaze dakika tano. Lisome tena na usimame kwenye neno linalokushika. Halafu tafuta ukutani kitu kimoja kinachohusiana na neno hilo, ukitazame mpaka ukione vizuri. Tuseme umechukua Mithali 25:28: "Asiyetawala roho yake ni kama mji uliobomolewa, usio na kuta." Tazama ukuta ulipobomoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopiganwa Uingereza katika karne ya 17, Bunge liliamuru ngome nyingi zilemazwe zisitumike tena. Hawakuhangaika na kila jiwe. Corfe, mwaka 1646, ilichimbwa chini ya kuta na kulipuliwa kwa baruti sehemu zilizotosha, na hadi leo baadhi ya minara imeinama, mingine imeteleza kutoka mahali pake huku mawe yake yakiwa bado yameshikana. Pengo moja lilitosha kuifanya ngome isiwe ngome. Ukiwa umelikazia macho pengo hilo, jiulize lako liko wapi. Jibu likija, ndiyo sala yenyewe. Liseme kwa maneno yako. Soma mara ya tatu, kisha funga karatasi na ukae tu.

Jumla ni nusu saa. Picha piga baada ya hapo. Usiku andika nusu ukurasa, basi. Usipohisi chochote, usijilaumu wala usikimbilie ngome nyingine. Rudi palepale siku nyingine na andiko lilelile.

Vitabu vya kuwaongoza wageni husema ngome fulani ilikuwa na kanisa dogo, lakini mimi naona magofu tu. Nitalitambuaje?

Chukua dira. Makanisa ya zama hizo yalielekezwa mashariki kadiri mwamba ulivyoruhusu, kwa hiyo tafuta upande huo dirisha kubwa kuliko mengine, au lililochongwa kwa uangalifu zaidi. Simama ukilitazama, kisha chunguza ukuta wa mkono wako wa kulia, yaani kusini. Ukiona kishubaka chenye bakuli la jiwe na tundu dogo katikati, umefika. Hapo padri aliosha mikono na vyombo vya misa, na tundu lile liliyapitisha maji ndani ya ukuta yasimwagwe ovyo. Kishubaka kisicho na tundu kilikuwa kabati tu.

Watu wengi hukosea kwa kutafuta chini. Kanisa la ngome mara nyingi lilikuwa ghorofani, pengine juu ya lango, na sakafu za mbao zimeshaoza zamani. Ukiona safu ya matundu ya mraba ukutani, humo ndimo zilimoingia boriti. Safu hiyo ndiyo sakafu ya zamani. Bakuli unalolitafuta linaweza kuwa mita nne juu ya kichwa chako. Kosa jingine la kawaida ni kudhani choo ni kanisa: kichumba chembamba kwenye ukuta wa nje, chenye shimo linaloshuka moja kwa moja nje ya ngome, ni choo.

Ukitaka kuzoeza jicho, anza na makanisa yaliyosalia mazima. Ndani ya White Tower, mnara mkuu wa Tower of London, lipo kanisa la Mtakatifu Yohana la karne ya 11, lenye nguzo nene fupi na mapambo machache mno. Beaumaris, huko Wales, kanisa dogo bado lina dari lake la mawe. Ngome hiyo ilianzwa mwaka 1295, fedha zikaisha, na minara yake haikufikia kimo kilichokusudiwa. Kwa mahali kama hapo tunapendekeza Luka 14:28, juu ya mtu anayetaka kujenga mnara bila kuketi kwanza kuhesabu gharama. Isome ukiwa uani, ukitazama vichwa vya minara vilivyokatika, na uwe na jambo moja la kwako ulilolianza ukaliacha.

Mimi ni Mwislamu. Nafuatilia safu hii, lakini maandiko mengi mnayotoa ni ya Kikristo. Nisome nini nikienda ngomeni?

Lawama yako ni ya haki, na Qurani haikukuacha mikono mitupu. Ngome zimetajwa humo waziwazi. Sura An-Nisa, aya ya 78, inasema mauti yatawafikia watu popote walipo, hata wakiwa ndani ya ngome madhubuti. Isome ukiwa mahali ambapo ukuta ni mnene kabisa; White Tower tuliyoitaja ina kuta za karibu mita 4.5 sehemu ya chini. Sura Al-Hashr, aya ya 2, inawataja watu waliodhani ngome zao zingewakinga na Mwenyezi Mungu. Sura Ar-Rum, aya ya 9, inauliza kama watu hawatembei katika ardhi wakaona mwisho wa waliowatangulia. Chukua aya moja kwa ziara moja, na mwendo ni uleule: kunakili, kuketi, kusoma mara tatu.

Ukipata nafasi ya kuijua Krak des Chevaliers ya Syria, hata kwa picha na ramani, anza na kanisa lake. Mashujaa watawa wa Mtakatifu Yohana waliishika ngome hiyo tangu 1142 hadi Sultani Baybars alipoiteka mwaka 1271, na kanisa likageuzwa msikiti. Chumba ni kilekile. Upande wa mashariki kuna kibanda cha nusu duara palipokuwa altare, na kwenye ukuta wa kusini kuna mihrabu, na mimbari ya mawe imesimama. Watu wawili wangeweza kusali humo wakiwa wametazama kuta mbili tofauti, kila mmoja akiwa na hakika ya upande wake. Hapo pana mengi ya kufikiri bila kuongezewa maneno yetu.

Na kabla ya safari yoyote ya magofuni, msome Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Katika utenzi wake, Al-Inkishafi, anayatazama majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na wageni, na sasa yamebaki ya popo. Angalia anamsemesha nani: moyo wake mwenyewe. Hawasuti waliokufa, anaukanya moyo ulio hai kifuani mwake. Uandikapo nusu ukurasa wako wa usiku, anza kwa "Ewe moyo wangu", na utaona sentensi zinavyobadilika. Ni vigumu kujidanganya ukianza hivyo.

Nimeanza kitabu cha Teresa wa Ávila kuhusu ngome ya ndani, kilichogawanywa katika makao saba. Nataka kuchagua vyumba saba katika ngome halisi, nisome makao ya kwanza katika chumba cha kwanza, hivyo hivyo hadi la saba mnarani. Je, ni sawa?

Nia ni njema, lakini mpango huo unakwenda kinyume na kitabu chenyewe. Teresa, mtawa wa Hispania, alikiandika mwaka 1577, akikianza mwezi Juni na kukimaliza Novemba, akiwa ameshavuka miaka 60. Anaifananisha roho na ngome ya almasi au kioo safi kabisa, yenye vyumba vingi, na katikati anakaa Mfalme. Lakini anaonya waziwazi kwamba vyumba hivyo visiwazwe kama safu, kimoja nyuma ya kingine. Mfano anaoutoa ni wa mmea wa jamii ya mnazi, ambao moyo wake mweupe unaolika umefunikwa na maganda mengi pande zote. Makao saba yanazunguka kitovu, hayapandi ghorofa. Ukitembea chumba kwa chumba hadi kileleni utajifundisha kwamba kumfikia Mungu ni kuhesabu ngazi, jambo ambalo yeye hakulisema.

Kitu kinachofaa zaidi kufanywa ngomeni ni kwenye ukuta wa nje. Katika makao ya kwanza Teresa anasema roho nyingi zinabaki uani, pale wanapokaa walinzi, bila kujua kilichomo ndani wala nani anakaa humo. Anasema mlango wa kuingilia ni sala. Anasema pia kwamba hata waingiao vyumba vya mwanzo huingia na wadudu watambaao, yaani shughuli na mali zinazowazuia kuuona uzuri wa mahali. Basi simama uani dakika kumi na tano, nje ya mlango wa mnara mkuu, bila kuingia. Andika vitu vitano vilivyokuja nawe kichwani asubuhi hiyo. Ndipo uingie.

Sasa usomaji wenyewe, maana kitabu hiki huwashinda wengi. Sura zake ni 27, na hazikugawanywa sawa: makao ya kwanza yana sura 2, ya pili 1, ya tatu 2, ya nne 3, ya tano 4, ya sita 11, na ya saba 4. Hapo kwenye 11 ndipo watu hukwama, kwa sababu Teresa anaeleza maono, sauti na mateso ya roho ambayo msomaji wa kawaida hajayapitia. Ushauri wetu ni kusoma sura moja kwa wiki hadi mwisho wa makao ya nne, ambazo ni wiki nane, kisha uanze upya kutoka mwanzo kabla ya kuendelea. Marudio hayo si kupoteza muda. Makao ya tatu, kwa watu waadilifu wenye maisha yaliyopangika vizuri, hukata kama wembe mara ya pili. Ya sita yasome baadaye, ikiwezekana pamoja na mtu aliyekomaa katika sala, na usiyatumie kupima daraja lako.

Naruhusiwa kuwasha mshumaa katika kanisa la ngome, au kuandika dua ndogo ukutani?

Hapana kwa yote mawili, isipokuwa wahudumu wa kanisa linalotumika bado wamekuwekea mahali pa mishumaa. Nta huingia kwenye vinyweleo vya jiwe na masizi huua rangi za kale. Kuhusu maandishi, ni kweli yapo ya kale yenye uzito. Katika Beauchamp Tower, London, Philip Howard alichonga mwaka 1587, kwa Kilatini, kwamba kadiri mateso kwa ajili ya Kristo yanavyozidi katika dunia hii, ndivyo utukufu pamoja naye utakavyozidi katika ijayo. Yeye alikuwa mfungwa na alifia gerezani humo. Wewe utatoka saa kumi na moja jioni. Dua yako iandike daftarini.

Napanga kwenda kwenye ngome za pwani ya Ghana walimofungiwa watumwa. Nataka kusali huko, lakini naogopa kufanya mateso ya watu kuwa burudani ya roho yangu. Nifanye nini?

Hofu hiyo ibebe, usiitupe. Itakuongoza vizuri kuliko sisi.

Elmina ilijengwa na Wareno mwaka 1482, Waholanzi wakaiteka 1637. Wareno walikuwa na kanisa lao uani. Waholanzi wakajiwekea la kwao ghorofani, na juu ya mlango wake wakaandika maneno ya Zaburi 132, kwamba Sayuni ni mahali pa raha ya Bwana na makao yake milele. Chini, katika ngome hiyohiyo, watu walifungiwa gizani wakisubiri meli. Cape Coast, ngome ya Waingereza isiyo mbali na hapo, kanisa lilikuwa juu ya shimo walimofungiwa wanaume. Huko alihudumu Philip Quaque, mwana wa Cape Coast mwenyewe aliyepadrishwa katika kanisa la Anglikana. Alikuwa mchungaji wa ngome tangu 1766 hadi kufa kwake 1816, na kaburi lake liko uani. Usiharakishe kumhukumu wala kumtetea. Kaa na ukweli kwamba mtu alisoma Zaburi juu, na mtu alilia chini, na kati yao palikuwa na sakafu tu.

Kabla ya kwenda, soma alichokiandika Ottobah Cugoano, kitabu kilichotoka London mwaka 1787. Alitekwa akiwa mtoto na kupitishwa Cape Coast. Sehemu ya ngome ni fupi sana, lakini inatosha: anakumbuka siku ya kupelekwa melini kwa milio ya minyororo, viboko, na vilio vya watu. Ukianza na sauti ya aliyekuwa chini, huwezi kuiona ngome kwa macho ya aliyekuwa juu.

Siku yenyewe, fuata kwanza ziara ya mwongoza wageni hadi mwisho, bila karatasi mkononi. Sikiliza. Halafu omba kurudi peke yako. Anzia chini, usianzie kanisani. Simama, usiketi, na usipige picha. Tazama mifereji iliyochimbwa sakafuni na ukubwa wa tundu la hewa. Pima kwa macho ni mwanga kiasi gani unaofika ulipo. Soma Zaburi 88, kwa sababu ndiyo zaburi inayoishia gizani bila mstari wa faraja, na usiiongezee faraja yako. Usiseme kwamba unajua walivyohisi. Dakika kumi zinatosha.

Ndipo upande kanisani, na hapo soma Isaya 1:15, ambapo Mungu anakataa sala nyingi za watu akisema: "mikono yenu imejaa damu." Mstari huo haukuandikwa kwa ajili ya Waholanzi peke yao. Swali la kuondoka nalo ni kama kuna mtu yeyote leo aliye chini ya sakafu ya sala zako: anayekufanyia kazi bila kulipwa, uliyemdhulumu, usiyetaka kumsikia. Akipatikana, sala ya siku hiyo inamalizikia kwake, kwa kulipa au kuomba radhi, na hilo halifanyikii ngomeni.

Wasiliana na mwenzako kabla ya kwenda, mkutane jioni. Baadhi ya watu hutikisika sana baada ya mahali hapa, na si vizuri kulala na hayo peke yako.

Magoti hayaniruhusu kupanda minara. Je, nimekosa yaliyo muhimu?

Umekosa mandhari tu. Chini ndiko kuna lango, ua na kisima, na kwa tafakuri tunakipenda kisima kuliko mnara wowote. Ngome yenye kuta nzuri isiyo na maji ilisalimu amri haraka, kwa hiyo wajenzi walichimba mwamba miaka hadi wayapate. Königstein, Ujerumani, walichimba kuanzia 1563 hadi 1569 na kufika mita 152.5. Soma Isaya 12:3, ile ya kuteka maji kwa furaha katika visima vya wokovu, ukiwa umeketi karibu. Usitupe sarafu. Kama kisima kimefunikwa wavu, mwombe mlinzi akuonyeshe pa kusimama ili uone chini. Subiri macho yazoee giza, pengine dakika mbili nzima, ndipo maji yanapoanza kuonekana yaking'aa.